Siku tatu za kuhesabu magazeti Chake Chake

Mwezi uliopita nilihudhuria mafunzo ya siku tatu kuhusu jinsia katika vyombo vya habari, yaliyofanyika katika ukumbi mmoja hapa Chake Chake, Pemba. Kwa kuwa walimu wenzangu wa Wete na Mkoani wamekuwa wakiniuliza kama yanastahili ada ya shilingi 40,000, nimeona afadhali niandike mara moja kuliko kumjibu kila mtu peke yake. Mimi si mwandishi wa habari. Nasomesha Kiswahili skuli ya sekondari na nasimamia klabu ya habari ya wanafunzi, kwa hiyo nilichokuwa nikikitafuta ni kitu cha kurudi nacho darasani. Nilikipata, ingawa si katika kurasa ambazo waandaaji walitaka nikipate.

Siku ya kwanza haina mengi ya kusimuliwa. Tuliambiwa kwamba Mkutano wa Beijing wa 1995, ule wa dunia kuhusu wanawake, ulitenga sehemu nzima ya mpango wake wa utekelezaji kwa ajili ya wanawake na vyombo vya habari, na kwamba nchi za SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, nazo ziliweka suala hilo katika Itifaki ya Jinsia na Maendeleo ya 2008. Yote ni kweli, lakini yalisomwa ukutani neno kwa neno kwa saa mbili, na katika saa hizo mbili hakutajwa hata mara moja Gertrude Mongella, Mtanzania mwenzetu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano huo wa Beijing. Kwa mafunzo yanayolalamika kwamba wanawake hawatajwi, nilishindwa kujizuia kucheka.

Siku ya pili ndiyo iliyolipa ada yangu. Mkufunzi alitueleza namna unavyofanywa ule ufuatiliaji wa kidunia ambao, tangu 1995, kila baada ya miaka mitano watu wa kujitolea katika nchi nyingi huchagua siku moja, wakafungua magazeti, redio na televisheni za kwao, na kuhesabu ni nani anayezungumziwa na ni nani anayezungumza. Mwaka 1995 wanawake walikuwa 17 katika kila watu 100 waliotokea kwenye habari, na mwaka 2020 walifika 25. Baada ya kutupa takwimu hizo mbili alizima projekta, akatugawia magazeti na kalamu.

Jedwali lilikuwa na safu nne: jina, jinsia, amesema au amesemwa, na ametajwa kama nani. Safu ya tatu ndiyo iliyotushughulisha kuliko zote, kwa sababu mtu anaweza kuwamo katika habari kuanzia kichwa hadi mwisho bila kufunguliwa mdomo. Katika gazeti letu upande wa wanaume ulijaa mawaziri, wakurugenzi, makamanda, masheha na viongozi wa klabu za mpira, ukavuka hadi nyuma ya karatasi. Upande wa wanawake ulikuwa na mheshimiwa mmoja, kisha mama wa mtoto aliyezama, mjane, mgonjwa na "mmoja wa wakaazi". Picha iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa ya wanawake, watano waliosimama ndani ya maji hadi magotini wakiwa wameinamia kamba za mwani. Maelezo yaliyowekwa chini yake yalisema tu kwamba ni wakulima wakiwa kazini, kisha yakamtaja ofisa aliyewatembelea kwa jina lake kamili na cheo chake.

Tuliendelea na redio, nayo kwetu Pemba ina uzito kuliko gazeti. Tulisikilizishwa kipindi cha robo saa kuhusu bei ya mwani, kilimo ambacho tangu kilipoanza kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980 wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Mkulima alisikika mara mbili, kila mara kwa sentensi moja, akilalamika juu ya bei na jua. Sababu za bei kushuka, aina za mwani na magonjwa yake vilielezwa na mtaalamu ambaye, kwa namna alivyokuwa akizungumza, sidhani kama alipata kufunga kamba hata moja.

Jirani yangu wa meza alikuwa mtangazaji, mwanamke mtu mzima kutoka upande wa Micheweni. Aliniinamia akaniambia, "Mwanangu, mimi navitengeneza hivi hivi." Nikamuuliza kwa nini. Alinijibu kwamba ofisa hupokea simu asubuhi, ilhali wakulima wa mwani wanafuata maji: siku za bamvua bahari inapokupwa wao wako huko mbali, na wakirudi wana mzigo wa kuanika na watoto wa kuwapikia, wakati studio imeshafunga kurikodi. Kwa maneno mengine, ratiba ya chumba cha habari ndiyo inayomchagua msemaji hata kabla mwandishi hajamdharau mtu. Jawabu hilo lilinifunza zaidi ya kurasa zote za kijitabu tulichopewa.

Na kijitabu hicho ndicho chenye kasoro kubwa. Kimetafsiriwa kutoka lugha nyingine, tena bila ya kufikiriwa upya, kikaleta sura nzima inayomwonya mwandishi asitumie kiwakilishi cha kiume pale anapokusudia watu wote. Kiswahili hakina ugonjwa huo. "Yeye" ni mwanamume na ni mwanamke, na kiambishi "a-" hakimuulizi mtu jinsia yake. Kiswahili kina pengine kinapofichia mambo, na hapo kijitabu hakikuchungulia kabisa. Kinaficha katika kitenzi. "Msichana abakwa" ni kichwa cha habari kilichokamilika kisarufi, nacho kina mtu mmoja tu ndani yake. Aliyetenda ameondoshwa na kiambishi kimoja kidogo cha kauli ya kutendwa, na msomaji wala hagundui kwamba kuna mtu aliyetoroka. "Mwanafunzi apata mimba" ni kibaya zaidi, maana huko hata kutendwa hakumo. Mtoto ameipata kama mtu anavyopata mafua. Nasi Zanzibar tunalo neno letu la "udhalilishaji", ambalo limebebeshwa kila kitu kuanzia tusi la njiani hadi ubakaji, kiasi kwamba mtu anaweza kusoma habari nzima asijue ni nini hasa kilichotendeka. Ninaelewa stara inayotufanya tuseme hivyo, na sipendi maelezo machafu gazetini, lakini kulitaja kosa kwa jina linalotumika mahakamani hakumvunjii mtu stara.

Nilimweleza mkufunzi haya wakati wa chakula (wali, samaki wa kukaanga na mchuzi wa nazi, sina malalamiko). Hakukasirika. Alisema, "Mwalimu, hilo halimo kitabuni, basi kesho asubuhi njoo ulisomeshe wewe," na kweli akanipa robo saa. Tuliandika ubaoni vichwa vya habari sita vya kauli ya kutendwa, tukavigeuza kimoja kimoja, na katika vinne mwandishi angelazimika kwanza kwenda kuuliza tena polisi ndipo apate mtenda wa kumweka kwenye sentensi. Ukumbi ulinyamaza kidogo baada ya hapo.

Ratiba yenyewe haikupangwa na mtu anayeijua Pemba. Tulianza saa nne badala ya saa mbili, na zoezi la mwisho la kutengeneza kipindi likasogezwa hadi karibu na magharibi, wakati akina mama wa Konde na Micheweni walikwishaondoka kuwahi gari. Vipindi vilivyotengenezwa jioni ile vilitengenezwa na wanaume watupu, na mmoja wao alisoma kwa niaba maswali aliyoachiwa na jirani yangu yule.

Mtangazaji au mwandishi anayeanza kazi namshauri ahudhurie siku zote tatu. Mwalimu ambaye muda wake ni mfupi aombe kulipia siku ya pili peke yake, kama watakubali, na kijitabu akiache mezani. Abebe pia magazeti yake mwenyewe, kwani ya ukumbini hayakutosha, na gazeti letu moja lilikuwa likivutwa na watu watano.