Tathmini: Daftari la wapiga kura la North Carolina mtandaoni, ukurasa wa kutafuta jina na mafaili ya bure

Ukitaka kujua kama umo daftarini katika jimbo la North Carolina, Marekani, usimlipe mtu. Bodi ya uchaguzi ya jimbo inatoa bure ukurasa wa Voter Search kwa anayetafuta jina moja, na mafaili ya daftari zima kwa anayetaka kulichambua. Ukurasa ni rahisi. Mafaili ni hazina, ila yanamchanganya asiyeyazoea.

Kwenye ukurasa unajaza jina la kwanza na la ukoo. Kaunti na mwaka wa kuzaliwa si lazima. Jimbo la Georgia wanadai kaunti na tarehe kamili ya kuzaliwa, la Michigan wanataka mwezi na mwaka wa kuzaliwa pamoja na msimbo wa posta. Hapa North Carolina hata jirani anaweza kukutafuta, na sheria inamruhusu. Jina likiwa la kawaida orodha itakuwa ndefu, basi ongeza kaunti. Jina lenye kistari au majina mawili ya ukoo lijaribu kwa namna zaidi ya moja, maana daftari hufuata fomu ilivyojazwa. Na kama ulihama kaunti, usishangae kujikuta bado uko kule ulikotoka: usajili haukufuati, lazima ujiandikishe upya katika kaunti mpya.

Ukibofya jina utaona hali ya usajili, chama, kituo cha kupigia kura na historia ya kupiga kura. Hali ndiyo inayosomwa vibaya kuliko yote. Neno Inactive (si hai) halina maana kwamba umefutwa. Mpiga kura asipokuwa na mawasiliano yoyote na bodi ya kaunti kwa chaguzi mbili za kitaifa, bodi humtumia barua ya kuthibitisha anwani. Asipojibu ndani ya siku 30, anawekwa kwenye hali hiyo. Bado anaweza kupiga kura. Ataombwa tu athibitishe anapoishi. Chaguzi mbili nyingine za kitaifa zikipita kimya, hapo ndipo anaondolewa na hali inakuwa Removed (ameondolewa). Ukiliona neno hilo, jiandikishe upya.

Historia nayo inaonyesha uchaguzi gani ulishiriki na kwa njia ipi, kituoni, mapema au kwa posta. Uliyemchagua haonekani popote. Kwenye uchaguzi wa mchujo, hata hivyo, inaonekana ulichukua karatasi ya chama gani, na hilo huwashtua wasio na chama waliodhani hakuna atakayejua.

Tuje kwenye mafaili. Yako mawili ya msingi, ncvoter lenye usajili na ncvhis lenye historia ya miaka 10. Husasishwa kila wiki, na unaweza kuchukua la jimbo zima au la kaunti moja. Kaunti ni 100 na zimepewa namba kwa mpangilio wa alfabeti, hivyo Mecklenburg ni 60 na Wake ni 92. Anza na la kaunti. La jimbo zima lina mamilioni ya mistari, na Excel inaishia mstari wa 1,048,576. Kilichozidi hapo hakipakiwi, na mwenye haraka hufanya hesabu zake kwenye kipande akidhani ndiyo daftari. Safu zimetenganishwa kwa alama ya tab, si kwa alama ya mkato. Kosa jingine la Excel ni kufuta sifuri za mwanzo wa namba ya usajili: 000001234567 inageuka 1234567, halafu faili mbili hazioani tena. Ingiza safu hiyo kama maandishi, au tumia programu ya hifadhidata tangu mwanzo.

Unapounganisha mafaili ya kaunti tofauti, tumia safu ya ncid, yaani namba ya mpiga kura isiyorudiwa jimbo zima. Namba ya usajili ni ya pekee ndani ya kaunti tu, kwa hiyo watu wawili wa kaunti mbili wanaweza kuwa na namba moja. Na kabla ya kuhesabu wapiga kura, chuja hali: faili lina walioondolewa na waliokataliwa pia. Asilimia nyingi za ajabu zinazosambazwa mitandaoni, eti kaunti ina wapiga kura kuliko watu wazima, huzaliwa hapo hapo.

Faragha ni upande mchungu. Anwani ya nyumbani na mwaka wa kuzaliwa vimo, na simu pia kama uliiandika kwenye fomu. Tarehe kamili ya kuzaliwa, namba ya leseni ya udereva na sahihi havitolewi. Aliyekimbia ukatili wa nyumbani anaweza kuficha anwani kupitia mpango wa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, na ni vizuri afanye hivyo kabla ya kujiandikisha, kwa kuwa nakala iliyokwisha kupakuliwa hairudi.

Tovuti binafsi zinazouza utafutaji huu hazina jipya. Wanachukua nakala ya faili hili hili, wakati mwingine ya zamani, kisha wanakutoza. Ukitaka kuthibitisha kituo chako, nakala ya zamani ni hatari zaidi kuliko kutokuwa nayo, maana vituo huhamishwa.

Kagua jina lako mapema: mwisho wa kujiandikisha ni siku 25 kabla ya uchaguzi. Ukichelewa, unaweza bado kujiandikisha kituoni wakati wa upigaji kura wa mapema, ukiwa na uthibitisho wa makazi. Siku yenyewe ya uchaguzi nafasi hiyo huwa imeshafungwa.