Mzee wa Warren na reli yetu ya mafuta: kazi safi, ahadi za fundi cherehani

Dola 180 kwa kipande kimoja, fedha taslimu au hundi, kadi hapokei. Naanza na bei kwa sababu kila ninayemwonyesha ile reli ya mafuta tuliyochongewa kwa gari letu la Formula SAE huuliza hilo kwanza. Karakana iko Warren, kaskazini ya Detroit, katikati ya maghala yanayofanana kama mapacha. Haina bango, na mwenyewe kaniomba nisiandike jina lake popote kwa kuwa kazi alizonazo zinamtosha. Basi humu nitamwita Mzee.

Kwa asiyeijua, Formula SAE ni mashindano ya wanafunzi wa uhandisi yaliyoanza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mnabuni na kuunda gari dogo la kiti kimoja, linakaguliwa, kisha mnaliendesha. Injini haizidi cc 710, na kwa anayetumia petroli hewa yote inayoingia lazima ipite kwenye tundu la milimita 20. Timu nyingi huchukua injini ya pikipiki. Yetu ni ya Honda CBR600RR. Kwa sababu ya hilo tundu, njia ya hewa iliyokuja na pikipiki inatolewa, mnatengeneza yenu, na injekta, vile vifaa vya kunyunyizia petroli, zinahama. Zikishahama, reli ya mafuta ya Honda haizifikii tena. Reli ni lile bomba fupi linalokaa juu ya injekta zote nne na kuzigawia petroli yenye presha, kwetu sisi bar 3. Ukiiona mezani ni kipande cha alumini chenye matundu, cha kuchongwa mchana mmoja. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuichora, na hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Reli ya kwanza hatukuipeleka kwa Mzee. Tuliiagiza kwa moja ya zile huduma za intaneti za kupakia mchoro na kulipa papo hapo. Dola 212 pamoja na usafirishaji, ikafika siku ya nane, imefungwa vizuri kama simu mpya. Vipimo sawasawa na mchoro. Tukaifunga, tukawasha pampu bila kuwasha injini, mwenzetu mmoja kasimama na kizimamoto. Injekta ya tatu ikaanza kutoa jasho. Baada ya muda jasho likawa tone, na tone likapata wenzake. Kufungua, oringi, ile pete ya mpira inayoziba petroli isivuje, imekatwa upande mmoja kama iliyopitiwa na wembe. Tukaweka mpya, nayo ikakatwa palepale. Wale siwalaumu, walichonga nilichochora. Mchoro wangu ulisema tundu la milimita 13.5, basi. Haukusema mdomo wa tundu uwe na mshazari wa kuiongoza oringi kuingia, wala ukuta wa ndani uwe laini kiasi gani.

Msimamizi wa maabara yetu ndiye aliyetuelekeza kwa Mzee. Tukaenda wawili, mwanzoni mwa Machi, theluji bado imerundikana kando ya barabara. Nikamkunjulia mchoro juu ya meza. Hakuutazama.

"Injekta iko wapi?"

Nikamwambia tumeiacha chuoni, ila vipimo vyake vyote viko pale kwenye karatasi.

"Rudini mkailete."

Dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi. Mwenzangu alinung'unika njia nzima, mimi nilikuwa nacheka peke yangu, maana nililelewa karibu na kauli hiyo. Mjomba wangu alikereza vyuma Gerezani, Dar es Salaam, miaka na miaka, na mtu akimletea shafti ya kuchongwa lazima amwambie, "Lete na mwenzake." Bila kuona kile kinachoingia ndani yake, hakuwa anawasha kerezo. Usiku ule nilimpigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeshakula huko?"

Nikamsimulia. Akacheka mpaka akakohoa. "Huyo ni fundi. Asiyetaka kumwona mwenzake anachonga mapambo."

Tuliporudi na injekta, moja ya Bosch EV14, Mzee aliichomeka kwenye reli yetu ya kwanza, akaichomoa, akatia kidole kidogo ndani ya tundu na kukizungusha taratibu, macho kafumba. Kisha akaniambia, "Kijana, hapa umechora tundu. Oringi hukuichorea pa kukaa."

Kwa saa moja iliyofuata alinichorea upya reli yangu juu ya boksi la kadibodi, na ushauri wote huo hakuutoza hata senti. Jambo la kwanza ni hayo matundu: yatobolewe madogo kidogo, yamaliziwe kwa riima, kile chombo cha kupanulia tundu kidogo kidogo, mpaka 13.5 kamili, mdomo upewe mshazari na kona yake iliyobaki isuguliwe mpaka ukucha usinase. La pili, nilikuwa nimechora uzi wa mabomba kwenye ncha mbili, ule unaokwenda ukipungua unene. Akasema uzi huo kwenye alumini ni sawa na kugongea kabari, unakaza ukizidi kupasua, halafu unahitaji utepe wa kuzibia, na vipande vya utepe vitaishia kwenye injekta. Akaweka uzi ulionyooka wenye oringi yake, saizi ambayo watu wa magari ya mashindano huiita dashi sita.

La tatu lilinitia aibu kwa kuwa ni hesabu ya darasani. Reli yangu ilishikwa na bolti mbili nyembamba kwenye vikono viwili laini. Akaniuliza presha inaisukuma reli kwa nguvu gani kuelekea juu. Sikuwa nimepiga hesabu. Ukiipiga, bar 3 kwenye duara la milimita 13.5 ni kama nyutoni 43, mara nne ni 172. Yaani kilo kumi na saba na nusu zinainyanyua reli muda wote pampu inapofanya kazi, kabla hujaongeza mtikisiko wa injini inayozunguka mara elfu kumi na zaidi kwa dakika. Kanuni za mashindano zenyewe zinataka reli ifungwe kwa bolti au vifungo vya namna hiyo kwenye injini au njia ya hewa, na zinakataa kabisa klipu za kubania mipira, vibano vya plastiki na waya. Tukahamia bolti za M6, yaani za unene wa milimita 6, na vikono vinene.

Uchongaji wenyewe aliniruhusu kuutazama, ilimradi nisiongee. Reli ina urefu wa sentimita 29 na tundu la milimita 11 linalopita katikati mwanzo hadi mwisho. Keekee ndefu namna hiyo hupotea njia. Ukiingilia mbele katikati, unaweza kutokea nyuma ubavuni. Yeye aliifunga ile fimbo ya alumini ya 6061-T6 kwenye kerezo ikawa inazunguka yenyewe, keekee imetulia. Kitu kikizunguka hivyo, keekee hailemei upande mmoja kirahisi. Akatoboa nusu huku, akageuza, akatoboa nusu kule, na kila baada ya hatua chache akaitoa keekee nje kumwaga chenga. Pale katikati matundu yalipokutana kuna kingo ndogo ambayo unaisikia ukipitisha waya. Aliniomba radhi kwa kingo hiyo! Petroli haitaijua.

Alichotumia muda mwingi kuliko vyote ni usafi. Kila tundu la injekta linapolikata lile tundu refu hubaki vinyweleo vya chuma ndani, na vinyweleo hivyo siku moja hung'oka. Sasa fikiria: filta ya mafuta iko kabla ya reli. Kitakachong'oka ndani ya reli yenyewe hakina wa kukizuia isipokuwa kile kichujio kidogo kilichomo kichwani mwa injekta. Mzee alikuwa na kindoano kama cha daktari wa meno, akavikwangua kimoja kimoja kwa taa, akapitisha brashi ya chupa, akaosha kwa maji ya moto na sabuni, akapuliza hewa, akaosha tena. Baadaye akaziba matundu yote, akajaza hewa bar 6, mara mbili ya presha yetu, akaizamisha kwenye ndoo. Tuliitazama ile ndoo dakika kumi. Hakuna hata povu moja lililopanda.

Sasa lawama, maana zipo. Aliniambia "Ijumaa." Ijumaa hiyo ilikuja baada ya wiki tatu. Ana wateja wa viwandani, na kazi yao ikiingia wewe wa kipande kimoja unasukumwa chini ya benchi. Hakupigii kukuambia, unajikuta umefika na fimbo yako bado ni fimbo. Barua pepe hasomi. Simu anapokea asubuhi tu. Risiti yake ni karatasi iliyoandikwa kwa penseli, na kwa timu inayotakiwa kuandaa ripoti ya gharama hiyo ni kero ya kweli. Ilibidi nirudi kumwomba aandike bei ya malighafi na saa za kazi kando kando, akaniangalia kama nimemtukana. Pia hafanyi ile rangi ya kukinga alumini. Sisi tunatumia petroli kwa hiyo tuliiacha tupu, lakini wenye E85, yale mafuta yenye ethanoli nyingi, watafute mahali pengine pa kuikinga, kwa sababu ethanoli na alumini tupu hawaelewani.

Mashindano yalikuwa Mei, Michigan International Speedway. Mkaguzi aliinama na tochi, akaishika reli kwa vidole viwili, akaitikisa, akapita. Sekunde nne hivi. Kwenye meza ya kuinamisha, gari likalazwa digrii 60 likiwa na mafuta na dereva wetu mrefu kuliko wote ndani, sisi tumepiga magoti chini tukitazama sakafu. Pakavu. Kilichonitia hofu zaidi ni mbio ndefu za kilomita 22, pale katikati mnapozima injini kubadilisha madereva kwa dakika tatu. Injini ya moto iliyozimwa huipika petroli iliyotuama kwenye reli, na kila mwaka yapo magari yanayogoma kuwaka hapo hapo. Yetu mafuta yanaingia ncha moja na ya ziada kutokea ncha ya pili kurudi tangini, hivyo pampu ikiwashwa kwanza inasukuma nje yale yaliyochemka. Iliwaka mara ya pili kubonyeza. Hiyo mara ya kwanza niliihisi tumboni.

Mwaka huu narudi kwake na reli ya akiba, ila nitaagiza Januari. Ukitaka kwenda, waulize mafundi wa maabara ya chuo chochote cha pale karibu, watakuelekeza. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, na injekta iwe mfukoni pamoja na oringi zake. Mchoro peke yake atauweka chini ya kikombe cha kahawa.