Kung'arisha rangi ya gari la familia: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Lipeleke gari juani, uinamie boneti na kuitazama kwa pembe. Utaona mikwaruzo myembamba imejipanga kwa duara kuzunguka mwako wa jua. Watu husingizia barabara, lakini mingi ya mikwaruzo hiyo imetokana na kuosha: kitambaa kilekile, ndoo ileile, mchanga uleule ukisuguliwa juu ya rangi kila wiki. Ndiyo maana orodha yangu haianzi na mashine ya polishi, ingawa najua mashine ndiyo iliyokuleta hapa.

Namba 1: vifaa vya kuoshea

Ndoo mbili, glovu ya maikrofaiba, sabuni ya gari na taulo kubwa la kukaushia. Ndoo moja ina sabuni, nyingine ina maji matupu ya kusuuzia glovu kabla hujaichovya tena kwenye sabuni. Ukimaliza, angalia chini ya ile ndoo ya maji matupu. Mchanga utakaoukuta humo ungekuwa unazunguka mlangoni.

Sabuni ya vyombo iache jikoni, inaondoa waksi, ile nta inayokinga rangi. Taulo likianguka chini, halirudi kwenye rangi mpaka lifuliwe, tena bila dawa ya kulainisha nguo, maana huziba nyuzi zake zisinyonye maji. Bajeti ikitosha namba hii tu, nunua hii tu.

Namba 2: udongo wa kusafishia rangi

Ni kipande laini kinachofinyangika (clay bar) unachokisugua taratibu juu ya rangi. Bei yake ni ndogo na kazi yake inaonekana papo hapo. Vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, kisha upapase boneti iliyooshwa. Ukihisi chembechembe, hizo ndizo udongo unazozing'oa. Sharti uwe na kilainishi cha kutosha, yaani majimaji ya kuutelezesha, na kipande kikianguka chini kitupe, usijaribu kukisafisha. Udongo wenyewe unaweza kuacha alama hafifu, kwa hiyo utumie siku unayopanga kupiga polishi, yaani kukwangua tabaka jembamba sana la juu ili mikwaruzo itoweke.

Namba 3: mashine ya polishi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Zipo aina mbili kuu, na anayeanza anahitaji ile ya mizunguko miwili: pedi inazunguka huku ikiyumba pembeni. Joto halirundikani sehemu moja, na ukiikandamiza kupita kiasi nyingi husimama kuzunguka badala ya kuunguza rangi. Chagua inayotumia pedi za milimita 125 hivi. Ile yenye myumbo wa milimita 15 humaliza boneti na paa haraka. Ya milimita 8 ni rahisi kuidhibiti kwenye mapindo.

Mashine ya mzunguko mmoja inakata haraka kweli, lakini ukizubaa kwenye ukingo wa mlango utaona rangi ya chini. Klia, lile tabaka angavu la juu, kwa magari mengi kutoka kiwandani ni mikroni 40 hadi 50 tu, yaani kama nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Kila upigaji unapunguza kidogo. Mwachie fundi.

Badala ya kuongeza mashine, ongeza pedi. Pedi moja haimalizi gari zima. Inajaa masalia na kuacha kukata. Nunua nne au zaidi, na chupa moja ya polishi ya ukali wa kati. Kompaundi, yaani dawa inayokwangua zaidi ya polishi, isubiri. Anza na eneo la nusu mita kwa nusu mita, ulitazame chini ya taa, kisha ndipo uamue kama unahitaji ukali zaidi. Mkwaruzo unaokwamisha kucha umeshapita kina cha polishi. Uupunguze makali tu.

Kupiga kwa mkono kunafaa sehemu ndogo, mfano nyuma ya vitasa. Kwa gari zima utachoka kabla rangi haijabadilika.

Namba 4: kinga

Kwa gari la familia nachagua silanti ya kupulizia, dawa ya kutengenezwa inayofanya kazi ya waksi: unapuliza, unafuta, na inakaa miezi kadhaa. Waksi inang'aa vizuri ila haidumu hivyo. Seramiki nzuri, dawa inayokauka na kuwa tabaka gumu juu ya rangi, hudumu miaka, lakini inafungia chini yake kila mkwaruzo ulioacha, na haizuii kokoto. Ifikirie ukishaizoea mashine.

Zinazobaki dukani

Chupa zinazoahidi kufuta mikwaruzo yote kwa dakika chache. Nyingi zinaijaza tu, na baada ya kuosha mara kadhaa inarudi. Vile vile vichwa vya polishi vya kufungwa kwenye drili. Drili haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Na kabla hujalipa chochote, kagua paa na boneti. Ukikuta mabaka meupe yanayobanduka, klia imeshakufa. Hakuna polishi itakayoirudisha; chukua namba 1, pesa iliyobaki mpelekee fundi wa rangi.