Vitu vya gemu kama uwekezaji: cha kununua kwanza na cha kuachana nacho

Kwa anayetaka kuweka hela kidogo kwenye vitu vya gemu, mimi ningeanzia Counter-Strike, gemu ya kupigana kwa bunduki. Tangu Agosti 2013, kampuni yake ya Valve ilipoingiza skini, yaani rangi na michoro ya silaha isiyoiongezea bunduki nguvu yoyote, wachezaji wanauziana kila siku na bei ziko wazi kwa kila mtu. Orodha hii nimeipanga kwa vigezo viwili: wepesi wa kukigeuza kitu kuwa pesa mkononi, na ugumu wa mwenye gemu kuongeza idadi yake.

Elewa makato kwanza. Steam, duka la mtandaoni la Valve ambamo vitu hivi huuzwa, huongeza asilimia 15 juu ya kile anachopata muuzaji. Kitu ulichonunua kwa dola 10 lazima kifike dola 11.50 ndipo zirudi zile 10, na hata hizo hazitoki. Zinabaki kwenye pochi ya Steam za kununulia vitu humo humo. Anayetaka pesa benki huuza kwenye masoko ya nje kama Skinport au CSFloat, nako kuna makato na ukaguzi wa kitambulisho. Hakikisha malipo yao yanafika nchini kwako kabla hujanunua chochote. Tena masharti ya Steam yanasema wazi kwamba unachopewa ni leseni ya kutumia. Akaunti ikifungwa, mzigo wote umekwenda nayo, kwa hiyo usiguse hela ya kodi wala ada ya shule.

Namba moja ni makasha ya zamani ambayo hayajafunguliwa, yaani masanduku ya ndani ya gemu yanayofunguliwa kwa ufunguo wa kununua na kutoa kitu kwa bahati nasibu. Kila kasha linalofunguliwa limetoweka, na likishaondolewa kwenye mzunguko wa kawaida huwaangukia wachezaji kwa nadra tu, ilhali watu wanaendelea kufungua. Yote ya aina moja yanafanana, kwa hiyo hakuna cha kukagua, na yanapata mnunuzi haraka. Wewe usilifungue. Viwango vilivyotangazwa China mwaka 2017 vinaonyesha uwezekano wa kupata kitu adimu kabisa, kama kisu, ni asilimia 0.26, sawa na mara moja katika makasha 385 hivi. Ufunguo mmoja ni dola 2.49, basi funguo peke yake ni karibu dola 960. Hatari ya makasha iko kwenye sheria: Ubelgiji ilishayahesabu kuwa kamari mwaka 2018, na nchi kubwa zikifuata njia hiyo, wafunguaji watapungua.

Namba mbili ni skini za bunduki zinazopendwa, hasa AK-47, M4 na AWP. Hapa ndipo penye kazi. Kila skini ina namba ya uchakavu kati ya 0 na 1 ambayo haibadiliki hata ukiitumia miaka kumi. Ikiwa ndogo, skini inaonekana mpya zaidi. Chini ya 0.07 ni Factory New (mpya kabisa), kisha Minimal Wear hadi 0.15, Field-Tested hadi 0.38, Well-Worn hadi 0.45, zilizobaki ni Battle-Scarred (zilizochakaa kabisa). Lakini si kila skini inafika kila daraja. AK-47 Redline huanzia 0.10, kwa hiyo anayekuambia anayo Factory New anakudanganya. Mimi hupendelea Field-Tested iliyo karibu na 0.15: kwa macho inakaribia Minimal Wear, bei yake ni nafuu, na wanunuzi wake ni wengi. Case Hardened za buluu, yaani skini ambazo mchoro wake hutofautiana kwa namba, kama ile 661 ya AK-47 na wenzake, waachie wakusanyaji wenye mtaji mkubwa. Kupata mnunuzi wa kitu cha namna hiyo kunaweza kuchukua miezi.

Visu na glovu nimeviweka namba tatu, na mwaka 2024 nisingevishusha hivyo. Tarehe 22 Oktoba 2025 Valve iliruhusu skini tano za daraja jekundu, lile la uadimu wa juu kwa skini za bunduki, zibadilishwe kuwa kisu au glovu. Skini nyekundu zikaruka bei, visu vikaporomoka. Tovuti zinazofuatilia bei zilionyesha soko zima, lililokuwa karibu dola bilioni 6, likipoteza zaidi ya dola bilioni 1.5 kwa muda wa siku mbili. Hakuna aliyeibiwa, kampuni moja ilibadilisha kanuni ndani ya gemu yake yenyewe, na inaweza kufanya hivyo tena kwa kitu chochote katika orodha hii.

Stika, picha za kubandika kwenye silaha, ni namba nne. Wengi huvutwa na zile za mashindano ya Katowice 2014, kama zile za kung'aa za timu za Titan na iBUYPOWER, ila za miaka ya karibuni zilinunuliwa kwa wingi na watu wenye wazo hilo hilo, na zimejaa stoo.

Ukinunua moja kwa moja kwa mchezaji mwenzako, kumbuka kwamba tangu Julai 2025 muuzaji anaweza kujirudishia alichokupa ndani ya siku 7. Usilipe kabla hazijaisha, au tumia soko linaloshikilia pesa hadi zipite.

Gemu za sarafu za kidijitali ziko chini sana kwangu. Axie Infinity iliwahi kuwapatia watu kipato Ufilipino, kisha tokeni yake, yaani sarafu yake, ikaanguka, na Machi 2022 mtandao wake wa Ronin ukaibiwa zaidi ya dola milioni 600. Kadi za wachezaji za Ultimate Team, kwenye gemu ya soka ya EA Sports FC, si uwekezaji hata kidogo: toleo jipya hutoka kila mwaka na kikosi chako hakihami nalo, na EA inakataza kuuza koini kwa pesa.

Mkiani kabisa ni akaunti nzima za eFootball au PUBG Mobile, zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram. Masharti hayaruhusu biashara hiyo, na aliyeifungua akaunti hubaki na ushahidi wa barua pepe ya mwanzo na risiti. Akishapokea hela yako, anaandikia huduma kwa wateja kwamba amedukuliwa, wanamrudishia, na wewe huna pa kulalamika.