Kitanda kigumu kutoka Beijing hadi Guangzhou: nakipa nyota nne

Tiketi ya treni alinikatia mwanafunzi wangu wa Kiswahili wa mwaka wa pili hapa Beijing, ambaye darasani anaitwa Tumaini. Wanafunzi wangu wote wana majina ya Kiswahili na wamejichagulia wenyewe; nina Tumaini wawili na Simba mmoja. Akanitumia ujumbe: "Mwalimu, nimekupatia kitanda kigumu." Nikausoma mara mbili. Kwetu Mbeya mtu akikwambia hivyo unaanza kuulizia gesti nyingine.

Kumbe ni jina tu. Treni za kawaida za China, achilia mbali zile za kasi, zina kiti kigumu, kitanda kigumu na kitanda laini. Ugumu wenyewe sikuuona. Godoro lipo, jembamba lakini lipo, na mto na shuka nyeupe. Tofauti kubwa ni mlango. Ukilipia kitanda laini mnakuwa wanne ndani ya chumba kinachofungwa. Kitanda kigumu ni sita, vitatu huku vitatu kule, na upande wa ujia pako wazi, hakuna mlango wala pazia. Behewa zima lina vitanda 66. Aliyesoma bweni ameshanielewa.

Nawaandikia hasa walimu wenzangu mnaokuja kufundisha Kiswahili huku. Kazi hii ina umri. Beijing wanafundisha Kiswahili tangu miaka ya 1960. Lakini kila anayekuja huyakuta yaleyale: baridi ya Januari inayouma masikio, na hamu ya ugali inayopanda polepole kama homa. Ya pili dawa yake iko Guangzhou, mji wa kusini, mtaa wa Xiaobei, wanakokusanyika Waafrika wengi wa biashara. Kwa hiyo muhula ulipofungwa, kabla watu hawajaanza kumiminika makwao kwa mwaka mpya wao, nikasafiri karibu kilomita 2,300 kwenda kununua unga. Mama yangu nilimwambia naenda kutembea.

Najua mtaniuliza kwa nini sikupanda ile ya kasi. Ipo tangu mwisho wa 2012 na inatumia kama saa 8. Bei yake ni karibu mara mbili, nami mshahara wangu una watu wengi nyumbani. Isitoshe, ile ni kukaa tu; umenyooka kitini, jirani yako na kompyuta yake, hakuna anayekusalimu. Hii yangu ilitumia saa 21 na ushei kwa yuan mia nne na kitu, na usiku wa hoteli humo humo.

Sasa nieleze vitanda, maana hapa ndipo mgeni anapokosea. Cha chini ni ghali kidogo kuliko cha kati, na cha juu ndicho rahisi. Tumaini alinichagulia cha juu kwa heshima, eti mwalimu atapata utulivu. Utulivu nilipata, ila kukaa sikuweza. Dari iko pale pale; ukiinuka haraka unagonga kichwa, kwa hiyo unajifunza kuishi kiubavubavu kama samaki kwenye sufuria. Ngazi yenyewe ni vyuma vidogo vya kukanyagia, mwishoni mwa kitanda. Nami nilikuwa nimevaa gauni. Msinicheke. Nilisimama pale chini nikiangalia juu, bibi mmoja wa kitanda cha chini akaniangalia mimi, akaangalia gauni, akaelewa. Nikatoa suruali ya mazoezi kwenye begi, nikaivalia palepale chini ya kanga niliyojifunga, yeye akiwa amesimama mbele yangu ameshika koti lake kama pazia. Hatukuwa tumesemezana neno.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo wanawake mtataka kulijua. Nimekua na TAZARA, reli yetu na Wazambia. Mbeya hadi Dar nimepanda tangu sijui kuandika jina langu. Daraja la pili la TAZARA nalo ni vitanda sita, lakini kuna mlango, na wanawake wanalala na wanawake, wanaume na wanaume. Huku hakuna hiyo. Kitanda kilicho mkabala na changu, umbali wa mkono, alilala kijana wa kiume ambaye simjui. Usiku wa kwanza wa namna hiyo nilidhani sitafumba jicho. Lakini uwazi wenyewe ndio ulinzi: ujiani mhudumu anapita, akina mama wanapita na watoto, kila mtu anamwona kila mtu. Nilijiona salama kuliko ningefungiwa chumbani na wanaume watatu. Pochi na pasi ya kusafiria, hata hivyo, nililalia.

Mchana kitanda cha chini hakina mwenyewe. Ndipo pa kukaa watu wa juu, na mwenye nacho hawezi kununa, ndiyo desturi. Tulipanga miguu pale watu watano. Mzee mmoja, kofia ya manyoya kichwani hadi jioni, akaanza usaili: natoka wapi, nina umri gani, nimeolewa, mshahara wangu kiasi gani. Huku mshahara si siri kama kwetu. Nikamjibu kwa Kichina changu cha mwaka mmoja kwamba unatosha kula. Aliposikia "Tansangniya" akapiga paja: "Tan-Zan Tielu!" Ndiyo reli yetu hiyo, wanavyoiita wao. Iliyojengwa kwa msaada wa China 1970 hadi 1975, yeye akiwa kijana. Hajawahi kukanyaga Afrika lakini jina analo mdomoni. Akawaeleza wote kitanda kwa kitanda, hadi watu wa chumba cha pili wakaja kuniangalia. Nikasema ndiyo, nimeipanda mara nyingi, na vitanda ni sita vilevile, ila wanawake tunalala kwetu. Eh! Hapo ukazuka mjadala wa nusu saa, bibi akiunga mkono TAZARA, mzee akiuliza sasa mke na mume wafanyeje. Nikamjibu: wanalipia chumba kizima. Akacheka mpaka kofia ikakaa upande.

Chakula. Kila behewa lina bomba la maji yaliyochemka, usiku na mchana, bure. Hiki ndicho ninachokipenda kuliko chochote kwenye treni hizi. Ndiyo maana kila Mchina ana kopo lake lenye majani ya chai chini, na ndiyo maana ikifika saa kumi na mbili jioni behewa zima linanuka tambi za kikombe. Nilikuwa na chapati zangu na mayai ya kuchemsha, nikachangia. Nikapewa mbegu za alizeti, vichungwa vidogo vitamu sana, na miguu ya kuku ya kwenye pakiti, baridi, yenye pilipili. Walikaa kimya wakisubiri nishtuke. Jamani, mimi na miguu ya kuku tumefahamiana Soweto, pale Mbeya, kabla hawajanijua. Kuna pia mhudumu anayesukuma toroli ya vinywaji na njugu huku akiimba orodha yake kwa pumzi moja na kuamuru watu wavute miguu.

Nyota moja niliyoikata ni ya mambo haya. Choo ni cha kuchuchumaa, sawa, lakini kinafungwa treni ikikaribia stesheni kubwa, kwa hiyo jipime mapema, na karatasi beba yako. Wavutaji sigara wanasimama kwenye maungio ya mabehewa, na kila mlango ukifunguliwa moshi unaingia. Na simu! Watu wanasikiliza tamthilia kwa sauti kama wako sebuleni. Saa nne usiku taa zinazimwa, mtake msitake, na hapo simu zinapungua, mikoromo inapokea zamu.

Sikulala mapema. Nilishuka nikakaa kwenye kile kiti cha kukunjua dirishani. Nilijua tumefika Wuhan kwa sauti: magurudumu yakabadilika mlio, vyuma vikaanza kupita dirishani kimoja kimoja, na chini giza pana lenye taa za meli. Ni daraja la mto Yangtze, la mwaka 1957, magari juu na treni chini yake. Mhudumu alipita, akaniona, hakusema kitu.

Asubuhi nje ni nchi nyingine. Beijing niliacha miti mitupu na maji yaliyoganda, huku migomba! Watu walianza kuvua, kwanza makoti, kisha masweta, yakarundikwa kitanda cha chini hadi bibi akatoweka nyuma yake. Mhudumu aliamsha wanaoshuka mmoja mmoja kwa kugonga chuma cha kitanda.

Ukitaka kupanda: mauzo hufunguliwa siku 15 kabla, na vitanda vya kati vinaisha haraka, ndivyo bora. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi, maana tiketi ni ya kielektroniki na pasi ndiyo tiketi yako. Geti likikataa kuisoma nenda kwenye njia yenye mtu. Mizigo inapitishwa mashineni kama uwanja wa ndege. Kisu changu cha kumenyea viazi, nilichotoka nacho Mbeya, kilibaki Beijing kwenye boksi la ukaguzi. Kosa langu, tangazo lilikuwa ukutani na picha ya kisu juu yake.

Kurudi nilikata kitanda cha kati, na kilo kumi za unga chini ya kitanda cha bibi mwingine. Kisu kipya nilichonunua Guangzhou nimekiacha Xiaobei kwa dada anayeuza unga. Kasema atakitumia yeye hadi likizo ijayo.