Land Rover 109 ya mwaka 1976: tathmini baada ya miezi kumi na moja uani kwetu

Tangu nilirudishe gari barabarani, kila nikisimama sokoni au nje ya geti la shule kuna mtu anakuja na swali lilelile: nyumbani kwetu nako kuna moja limelala, marehemu mzee aliliacha, je, tulifufue au tuwauzie watu wa chuma chakavu? Nimejibu kwa mdomo mara nyingi, sasa naandika. Jibu langu ni lifufueni, na injini yake mnaweza kuifanyia ovahoo, yaani kuifungua yote na kuifanya upya, hapohapo nyumbani. Sharti ni moja: vipimo mchukue wenyewe kwa maikromita, kile kifaa cha kupimia tofauti ndogo sana, msiamini karatasi ya mtu.

Mimi nafundisha fizikia sekondari hapa Tabora mjini, ufundi wa magari sijausomea. Gari lilikuwa la baba, bwana nyuki, aliyelinunua kwenye mnada wa serikali mwaka 1989, likambebea mizinga, nta na madebe ya asali kutoka Sikonge mpaka 2008. Siku lilipokataa kuwaka alilisukuma chini ya mwembe, akasema atalitazama mvua zikiisha. Hakuwahi. Mama naye alikataa kulitoa, ingawa madalali wa chuma walikuwa wanapiga hodi karibu kila kiangazi.

Kwa wasiolifahamu, hili ni toleo la Series III, lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Ile 109 ni inchi kati ya tairi za mbele na za nyuma, kama mita 2.77. Injini yangu ni ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, nguvu farasi kama 70. Kwa ukubwa wa injini hiyo nguvu ni ndogo, na ndiyo sababu moja inayoifanya idumu: haikazwi sana. Bloku na hedi vyote ni chuma cha kalibu, kemshafti (mhimili unaofungua valvu) imelala ndani ya bloku, valvu zinasukumwa kwa fito, taimingi ni ya mnyororo. Hakuna kompyuta wala sensa. Ukiondoa boneti, rejeta na lile bati la mbele, halafu ukang'oa sakafu ya kebini ambayo nayo imefungwa kwa skrubu tu, unaizunguka injini yote na kuishika kila upande. Waliolichora walijua kwamba siku moja litafunguliwa mbali na mji.

Kabla ya kugusa nati, tafuteni spana za inchi. Nalisema kwa mkazo kwa sababu nimekuta nati nyingi zimeliwa pembe na mafundi waliotangulia. Spana ya milimita 19 inafaa kwenye nati ya tatu ya nne ya inchi (3/4), na 16 inafaa kwenye tano ya nane (5/8), hivyo mtu anadhani seti yake ya milimita itamfikisha. Halafu anakutana na tisa ya kumi na sita (9/16): 14 haiingii, 15 inacheza, na hapo ndipo nati inapoharibika. Nilinunua seti ya mtumba ya spana tisa kwa shilingi 65,000, na hakuna hela iliyonifaa zaidi.

Nilikuwa nimepanga kuninginiza chenibloku ya kunyanyulia injini kwenye tawi la mwembe. Jirani yetu, mstaafu wa reli, akapita, nikamwamkia, akaitika huku anatazama juu. "Mwalimu," akasema, "tawi la mwembe linavunjika bila kukuaga." Kesho yake alikuja na vijana wawili na magogo matatu ya mti uitwao mtundu, akayafunga juu kwa mnyororo, akachimbia miguu yake. Injini ikatoka kwa dakika arobaini. Tangu siku hiyo mzee huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu, na kila Jumamosi alikaa kwenye kigoda chake pembeni ya meza ya mbao, mara nyingi bila kugusa kitu, akiniuliza tu: "Umepima?"

Silinda ya tatu ilikuwa imeshika kutu kwa sababu maji yalishuka kupitia valvu iliyobaki wazi. Dizeli iliyochanganywa na oili, siku tisa, ndipo pistoni ikakubali kuteremka kwa kugongwa na kipande cha mti. Juu ya pistoni kulikuwa na chapa ya 020, yaani inchi 0.020 zaidi ya kipimo cha kiwandani; maana yake injini ilikwisha kuchongwa mara moja huko nyuma, pengine ikiwa bado gari la serikali. Jambo hili litazameni mapema sana. Silinda ya kiwandani ina kipenyo cha milimita 90.47, pistoni za ovasaizi zinapanda kwa hatua za elfu za inchi mpaka 040, ambayo ni milimita 91.49. Ukishafika 040 hakuna hatua nyingine, unaweka silivu (bomba jipya ndani ya silinda) na kurudi mwanzo. Yangu ilikuwa imeliwa kiasi kwamba 030 isingesafisha ile kutu. Nikaenda 040, nikijua kwamba atakayeifungua baada yangu atalazimika kuweka silivu.

Sasa krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na hapa nitakaa kidogo.

Maabara ya shule tuna maikromita, lakini ni ya wanafunzi, inaishia milimita 25. Shingo ya krankishafti pale inaposhika mkono wa pistoni, ikiwa mpya, ina milimita 58.7. Vernia inafika huko, ila vernia zetu zinasoma hadi 0.05 tu, na tunachotafuta hapa ni tofauti ya 0.02. Mzee wa reli akaniletea maikromita yake ya 50 hadi 75 ndani ya kisanduku cha mbao, imefungwa kitambaa chenye oili. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Nilipima kila shingo mara nne: mbele na nyuma, kisha nikageuza robo duara na kupima tena. Zilikuwa zimekuwa za umbo la yai, si duara tena. Bloku na krankishafti vikapelekwa Mwanza kwa lori la mpunga, kwenye karakana ya kuchonga ambayo sitaitaja.

Vikarudi baada ya wiki tatu, na karatasi imeandikwa "krankishafti 020, tayari". Kwa hesabu, 020, ambayo kwa krankishafti ni inchi 0.020 zilizopunguzwa kwenye shingo, inapaswa kusoma milimita 58.21. Shingo tatu zilisoma hivyo. Ya nne ilisoma 58.21 upande mmoja, na nilipogeuza ikasoma 58.15. Nilirudia mara tano, mikono inatetemeka, maana beringi za 020 nilikwisha kuzinunua na kuzifungua. Mzee akaniambia niache, nipime alfajiri chuma kikiwa kimepoa na mikono yangu haijakipasha moto. Mimi ninayefundisha upanukaji wa chuma darasani! Nikapima saa kumi na mbili asubuhi. Ikasoma vilevile.

Waliponipokea simu walikana kwanza, wakasema maikromita yangu ni mbovu. Nikawatumia picha za vipimo vyote kumi na sita, na za maikromita ikiwa imefungwa kwenye fimbo yake ya kusahihishia ya milimita 50. Wakakubali kuchonga upya hadi 030 bila malipo, na safari ya pili shingo zote nne zilisoma 57.96. Nauli mbili za lori na beringi za shilingi 180,000 zikabaki juu yangu. Niwape haki yao: kazi ya silinda waliifanya vizuri, mikwaruzo ya kushikia oili imekatana vizuri, na ringi nilipozipima ndani ya silinda kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) zilitoa mwanya wa 0.40 hadi 0.45, katikati kabisa ya 0.38 na 0.50 inayotakiwa. Lakini shingo ile ya yai ingefungwa ilivyokuwa, oili isingekaa sawasawa pale, na ningeanza kusikia krankishafti ikigonga kabla sijamaliza tangi la kwanza la petroli. Huyo fundi wa Mwanza asingekuwepo. Ningekuwa porini na madebe ya asali.

Kitu kingine kuhusu bloku iliyotoka kuchongwa: isafisheni wenyewe hata kama imekuja inang'aa. Nilifungua plagi za njia ya oili, nikapitisha brashi ndefu ya chupa, maji ya moto na sabuni ya unga, na kwenye beseni jeupe nikaona unga wa chuma unatua chini kama mchanga wa mtoni. Nilirudia mpaka beseni likabaki jeupe. Siku nzima iliisha kwa kazi hiyo, na huenda ndiyo siku iliyookoa injini.

Kufunga ndiko kulikonipa raha. Injini hii ina roli ndogo zinazotembea juu ya kemshafti, kila moja na kiongozi wake, na kila kiongozi kinashikwa na bolti iliyotobolewa kwa ajili ya waya wa kufungia. Roli ikigeuzwa ikaingia kinyume, kemu italika. Ukiiachia ikaanguka ndani, unafungua sampu, lile bakuli la oili la chini. Kwa taimingi, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) ina alama ya EP: ukiipanga na mshale, valvu ya kutolea moshi ya silinda ya kwanza inatakiwa iwe imefunguka mpaka mwisho. Basi, hapo unavisha mnyororo. Hedi ilikazwa kwa spana ya toki hadi pauni-futi 65, sawa na nyutoni-mita 88, kwa hatua tatu, kuanzia katikati kwenda nje.

Na valvu! Ziko nane, nafasi ni milimita 0.25 kwa zote, na kuna kanuni ambayo nimekwisha kuipeleka darasani: namba mbili zinajumlishwa kupata tisa. Valvu ya nane ikifunguka mpaka mwisho, rekebisha ya kwanza; ya tatu ikifunguka, rekebisha ya sita. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu walikuja uani kuitazama, na msichana mmoja ndiye aliyezimaliza nne za mwisho kwa mkono wake.

Kabla ya kuwasha tulitoa plagi, tukazungusha kwa stata mpaka taa ya oili ikazimika. Kisha plagi, mpangilio wa moto 1-3-4-2, petroli. Ilishika mara ya pili. Mama alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, hakusema kitu kwa muda mrefu.

Gharama yote ya injini, pamoja na hasara ya Mwanza: shilingi milioni 3.9 kasoro kidogo. Pistoni, ringi, beringi na gaskiti nilizipata Gerezani, Dar es Salaam, zikaja kwa basi. Kwa gaskiti ya hedi chukueni ya bei ya juu; zile za bei ya chini nilizopewa nizitazame zilikuwa nyepesi hata kwa kidole. Bodi sina mengi. Ni aluminiamu, haikuoza, nilinyoosha na kupiga riveti. Kutu iko pale aluminiamu inapogusana na chuma, na kwenye chesisi, hasa kwa nyuma. Piga nyundo ndogo urefu wote wa chesisi kabla hujatoa shilingi. Penye mlio mzito uliokufa, pameoza.

Barabarani? Ni zito usukani, lina kelele, na springi zake za majani hazimhurumii mtu likiwa tupu. Likibeba kilo mia sita linatulia na kwenda vizuri. Gia nne zinaingia kwa ulaini kuliko nilivyotarajia. Kishikizo cha njano unakibonyeza chini, tairi zote nne zinavuta. Chekundu ni cha mwendo wa polepole wa nguvu, na niliuhitaji mara moja tu, kwenye mbuga ya matope meusi nje ya barabara ya Sikonge, Januari. Lilitoka bila kusukumwa. Petroli inakula: lita moja napata kilomita sita, saba nikienda taratibu. Anayetaka gari la kwenda ofisini kila siku atafute jingine. Anayebeba mazao, mizinga, mbao, na anayeishi mbali na fundi, nampa alama nane na nusu kati ya kumi, na ile moja na nusu ni ya petroli peke yake.

Limekwisha kutembea kilomita 1,900. Nilipofika 800 nilikaza hedi tena, nikapima valvu. Mbili zilikuwa zimejibana kidogo, nikazirudisha 0.25. Oili haijapungua hata nusu ya alama kwenye kijiti. Milango bado inaingiza maji kwa kuwa raba zimekauka, na kipande cha nyuma cha chesisi kinanisubiri. Mwezi wa sita shule zikifungwa tutakikata. Mzee wa reli ameshaniambia nisinunue bati kabla hajaja na futi yake.