Mwanza hadi Bunda kwa Phoenix, siku moja: uzoefu wangu

Nimeendesha baiskeli ya Phoenix kwa miaka miwili sasa, lakini Sabasaba iliyopita ndiyo siku niliyoijua vizuri. Nilitoka Nyakato hadi Bunda peke yangu, kama kilomita 150 kwa barabara ya Musoma. Naandika kwa ajili ya yeyote anayejiuliza anunue baiskeli gani kwa safari ndefu huku Kanda ya Ziwa. Jibu langu ni hii hii: nyeusi, tairi za inchi 28, karia pana nyuma, ile inayobeba mkaa, samaki na wagonjwa kila siku mbele ya macho yetu.

Sikuanza nayo. Kabla yake nilikuwa na baiskeli ya mtumba yenye gia 21, nyepesi, inayopendeza machoni. Karibu na Nyanguge kile chuma cha nyuma kinachohamisha cheni kilikatika kikaingia kwenye spoki. Watu walisimama, wengi tu. Mmoja alileta koleo, mwingine waya, mwingine akampigia simu ndugu yake fundi. Wote walitaka kunisaidia na hakuna aliyeweza, maana kifaa chenyewe hakuna aliyewahi kukishika. Nilirudi mjini juu ya Fuso, baiskeli imelazwa juu ya magunia. Kilichoniuma si hasara, ni jinsi wale watu walivyobaki wamesimama pale, wanyonge, kana kwamba wamenikosea.

Phoenix ni nzito, sifichi. Inapita kilo 20 kabla hujafunga mzigo. Mwendo ni mmoja tu, kwenye mlima mkali unashuka unasukuma. Breki za vyuma zinataka uzikumbuke mapema, hasa rimu zikilowa.

Niliondoka saa 11 alfajiri, dumu la lita tano la maji nimelifunga kwenye karia kwa mpira wa tyubu. Igoma daladala zilikuwa zinaita abiria wa kwanza. Kisesa bado baridi. Baada ya hapo unasalimiwa kwa Kisukuma njia nzima, "Mwangaluka!", na unaitikia hivyo hivyo, "Mwangaluka!", huku umeshapita. Saa tatu nilikuwa Magu, nikanywa chai kwa chapati mbili, nikaendelea.

Kilomita chache mbele pedali ya kushoto ikaanza kugonga. Kila nikikanyaga, kok. Ilikuwa kotapini, ile pini inayoushika mkono wa pedali kwenye ekseli. Nilikuwa nimeibadilisha wiki moja tu nyuma, pini mpya ya dukani, kumbe chuma chake laini. Kijana mwenye magunia mawili ya mkaa alinipita, akaisikia, akasimama mwenyewe bila kuitwa. Aliyewahi kubeba mkaa anajua: baiskeli yenye magunia mawili haisimamishwi ovyo, kuiondoa tena ni shughuli. Aliiegemeza kwenye ule mti wake wa kuegemezea, akainama, akautikisa mkono wa pedali.

"Pini hiyo, kaka. Ukiendelea kukanyaga utaila ekseli. Twende kwa mzee."

Mzee alikuwa chini ya mwarobaini, pembeni kidogo ya lami. Shikamoo. Marahaba, mwanangu, unatoka wapi, mbona peke yako, kuna msiba? Ukionekana umetoka mbali na baiskeli, peke yako, watu hudhani umebeba habari mbaya. Nilimwambia hapana, natembea tu niione nchi. "Basi kaa," akasema, "nchi haikimbii."

Alifungua kopo la maziwa ya unga lililojaa pini. Akachagua moja, akaijaribu kwenye tundu, akaitoa. Akaipiga tupa mara tatu kwenye ule ubavu wake bapa, akajaribu tena, akaongeza mara mbili, akapuliza unga wa chuma. Kisha akamwambia kijana wa mkaa ashike kipande cha gogo chini ya mkono wa pedali, nyundo isije ikaumiza gololi, akaanza kugonga. Alikuwa anasikiliza. Sauti ilikuwa nzito, nzito, halafu ikawa nyembamba, na hapo hapo akaacha, akakaza nati. Nilimpa 2,000. Akanirudishia 1,500.

"Pini niliinunua, hiyo nilipe. Kazi nimekupa."

Kijana wa mkaa alikuwa amesubiri muda wote huo. Nilimsukuma kwa nyuma mpaka baiskeli yake ikashika mwendo, akanyoosha mkono juu bila kugeuka.

Mchana upepo wa ziwani ukaamka. Barabara hii ukielekea Bunda ziwa liko kushoto, kwa hiyo ulinipiga ubavuni masaa matatu mfululizo. Kabla ya Lamadi dumu lilikuwa tupu. Niliomba maji kwenye nyumba moja, mama akaniketisha kwenye kigoda kwanza. "Kula, mwanangu, maji matupu kwenye njaa yataumiza tumbo." Akaniwekea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, sahani imejaa, na mtindi. Hela alikataa kabisa. Nilipomwambia "Wabeja, mayu," yaani asante mama kwa Kisukuma, alimwita jirani yake aje anisikie.

Lamadi muuza soda aliniambia nisichelewe. Kati ya hapo na Bunda barabara inagusana na upande wa magharibi wa Serengeti, lango la Ndabaka liko huko huko, na wanyama hawajui lami ni ya nani. Vijana wawili waliokuwa wanamsikiliza, na wao wana Phoenix, wakasema tuongozane. Mmoja akatangulia: "Kaa nyuma yangu, upepo usikumalize."

Nusu ya njia tairi langu la mbele likalegea. Si pancha. Ni kile kimpira chembamba cha valvu, kilikuwa kimepasuka. Yule kijana aliyetangulia alitoa mfukoni kipande kama hicho, akakitia mate, akakivisha kwenye valvu kwa vidole viwili, akakifyonza kidogo kuhakikisha hakivuji. Mwenzake alikuwa ameshafungua pampu. Dakika tano, nyani wanatutazama kutoka kando ya barabara, tukaondoka.

Hapa ndipo ninapotaka kueleweka. Si kwamba siku hiyo nilibahatika tu kukutana na watu wema. Wale wa Nyanguge nao walikuwa wema vile vile. Tofauti ni kwamba safari hii nilikuwa na baiskeli ambayo mkono wa mtu mwema unaijua. Pini, kimpira cha valvu, spoki, gololi: kila kijiji nilichopita kina kopo lake chini ya mti fulani. Ukisafiri peke yako, hilo lina thamani kuliko gia 21.

Ukiinunua, kaza spoki zote kabla ya safari, paka grisi, badilisha siti kama mgongo wako unasumbua. Usinunue pini ya bei ya chini kabisa. Mimi sasa natembea na nne.

Tulifika Bunda jua likizama. Vijana waliniacha kwenye mlango wa gesti, wakageuza, walikuwa wamenisindikiza kupita kwao. Juzi niliifungua ile pini kuipaka grisi. Haijalika hata kidogo, na mistari ya tupa ya mzee bado inaonekana.